Baba Ndani ya Wimbo wa Waitaliano

Mimi hakuna kitu cha kunishtua tena hapa duniani. Nilianza maisha na darasa la nne na baiskeli ya kuazima, nikisukuma mikungu ya ndizi kutoka Kituntu, kilima hadi kilima, mpaka viganja vikawa vigumu kuliko tandiko la baiskeli yenyewe. Leo nina malori mawili na pikapu, nina nyumba yenye vigae ndani na nje, na watu wakitaka kujua bei ya kahawa wanauliza kwanza mimi nimesemaje. Nimewahi kuibiwa, nimewahi kuunguliwa ghala, nimevunjika mguu na kupona. Mtu akija kwangu mbio na habari, mimi namalizia chai yangu kwanza. Lakini kuna siku niliisimamisha pikapu katikati ya migomba ya watu kwa sababu ya wimbo wa disko.

Wimbo huo niliununua Murongo, pale mpakani, nikiwa kijana. Muuzaji alivuka kutoka Uganda na mfuko wa kaseti za kurekodiwa, na moja ilikuwa imeandikwa kwa kalamu neno moja tu: Italia. Nilimpa mkungu wa ndizi, na si ule wa kutupa, mkungu wa heshima. Nikaitia kaseti kwenye redio ya betri sita, redio nikaifunga kwenye keria, na tangu siku hiyo kutoka Nkwenda hadi Ihanda watu walijua napita. Ndani yake kinanda kinagongwa mbio mbio kama fundi anayepigilia bati huku mvua inakuja. Juu ya kinanda mama mmoja anapaza sauti, anarudia yale yale, anakatika kabla hajamaliza neno, anaanza tena. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha salamu, na hakijaongezeka. Mimi nilichosikia ni mama mwenye furaha iliyomzidi nguvu.

Nilipooa, tuliucheza kwenye banda la kahawa la nyumbani. Vumbi la maganda lilipanda mpaka kwenye kenchi za paa. Baba yangu hakuupenda hata kidogo. Alisema mwanamke anayelia hivyo apelekwe hospitali. Akaingia katikati na fimbo yake, akaamuru kelele zikome, maana wakati wa majigambo ulikuwa umefika.

Katika ukoo wetu baba wa bwana harusi husimama mbele ya wakwe na kujigamba: yeye nani, katoka kwa nani, kavuka nini, kashinda nini. Si maneno ya kubuni papo hapo. Unayapokea kwa baba yako, unaongeza yako kidogo, unamwachia atakayekalia kiti chako. Sasa rafiki yangu aliyeshika redio, pombe ya rubisi imeshamkolea, badala ya kuzima akabonyeza vibonye viwili kwa pamoja, redio ikaanza kurekodi. Hatukujua mpaka kesho yake. Mama anapaza sauti, kinanda kinagongwa, mara kimya, halafu baba yangu, dakika tatu nzima. Akimaliza tu, mama wa Italia anarudi na kinanda chake kama vile alikuwa amesimama mlangoni anasubiri.

Wiki ile nilinuna, wimbo wangu umeharibika. Miaka minne baadaye baba akafariki. Sauti yake haipo kwingine popote. Picha ipo moja, nayo anatazama pembeni.

Mwaka huu kijana wangu wa kwanza ameoa. Wakwe ni watu wa Bukoba, maofisa, watu wa kukaa kiti cha mbele kanisani. Jumamosi ilikuwa zamu yangu kusimama mbele yao. Na niseme ukweli hapa, maana ninaeleza maisha yangu mwenyewe: majigambo ya baba nilijua mwanzo, nilijua mwisho, katikati nilikuwa napotea. Miaka thelathini nilikuwa nasema nitajifunza, kaseti si ipo? Jumatatu nikaiweka redioni nijifunze. Redio ikaitafuna.

"Si nilikwambia uyaandike?" mke wangu akasema.

"Majigambo hayaandikwi."

"Haya. Basi utawahesabia wakwe malori."

Jumanne nikaipeleka Nyaishozi, kwa mama mmoja mwenye duka la kuweka nyimbo kwenye flashi. Mtu wa Muleba, mwenye miaka kama arobaini, miwani puani, ana kompyuta na deki ya zamani ya kaseti. Nilimwambia: niwekee hiki kitu kwenye flashi, kisikike safi. Sikusema zaidi. Mtu mkubwa haelezi sana, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu.

Jumatano mchana nikachukua flashi, nikaichomeka kwenye pikapu, nikashika barabara ya Ihanda. Lo, kinanda! Safi, kama kimeoshwa kwa sabuni. Mama anapaza sauti, hakuna hata mkwaruzo. Nikapunguza mwendo, kwa sababu sasa baba anaingia. Mama akapaza tena. Nikasema, bado. Kinanda kikaendelea. Wimbo ukaenda, ukaenda, ukaisha. Baba hakuingia.

Hapo ndipo nilipoiacha barabara. Mwenye migomba alitoka na panga, akaniona uso, akalishusha. "Mzee, umefiwa?" Nikageuza gari.

Nilirudi Nyaishozi kwa mwendo ambao dereva wangu angeuenda ningemfukuza kazi. Yule mama akanipokea na tabasamu.

"Shikamoo, baba. Umeusikia? Safi eh?"

"Baba yangu yuko wapi?"

Akatazama nyuma yangu, akadhani nimekuja na mtu. "Baba yako?"

"Alikuwa ndani ya wimbo. Katikati."

Tabasamu likaondoka taratibu. "Yule mzee aliyekuwa anafoka? Baba, mimi nilidhani ni redio nyingine imeingilia. Mkanda ulikuwa umechoka, nikaona nikutafutie wimbo wenyewe mtandaoni, mzima. Kwamba nimekufanyia hisani."

"Na kaseti?"

Alinyoosha kidole. Nyuma ya duka, jirani yake ana kipande cha mtama, na juu ya mtama, kutoka mti hadi mti, utepe mweusi wa kaseti yangu umetandazwa kufukuza ndege. Ulikuwa unametameta na kuvuma kwa upepo. Kweli ndege hawakuwepo. Baba hata akiwa hai ndege hawakuwahi kumzoea.

Nilikaa kwenye kreti ya soda. Mimi, mwenye malori mawili, nilikaa kwenye kreti, nikaona kwamba Jumamosi nitasimama mbele za watu nikiwa sina baba. Yule mama akawa anafungua kompyuta, anafunga, anafungua. "Nilimrekodi kwanza, ndiyo, nikamkata pembeni. Lakini jioni nafuta vitu vya wateja, mashine imejaa." Halafu akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Subiri! Bodaboda!"

Kumbe siku ile alipokuwa anamkata baba, dereva mmoja wa bodaboda alikuwa dukani ananunua nyimbo. Akamsikia mzee, akacheka hadi akashika meza, akaomba awekewe sauti ile yote kwenye simu iwe mlio. Tukapiga namba yake. Inaita, haipokelewi. Wenzake kijiweni wakatuambia amepeleka mtu Nkwenda na gunia la maharage.

"Panda gari," nikamwambia yule mama.

"Duka je?"

"Duka nini?"

Akafunga duka. "Haya. Kosa ni langu, twende."

Njiani kwenda Nkwenda, kule Kyerwa, aliongea, nadhani ili nisilie. Akanieleza kwamba hata ule wimbo ulitengenezwa kwa namna ile ile. Waitaliano waliukata mlio wa mama mmoja kutoka kwenye santuri ya zamani ya Marekani, wakambandika juu ya kinanda chao. Ndiyo maana anakatika katikati ya neno. Vijana wa Ulaya wakaupenda kufa, wakaucheza kwenye maghala na mashambani, mpaka asubuhi.

"Kwenye maghala?"

"Ndiyo, baba. Maghala matupu."

"Sisi letu lilikuwa na kahawa," nikasema. Hata katika msiba mtu anaruhusiwa kuwazidi Wazungu.

Nkwenda bodaboda zilikuwa kama arobaini, zimepangwa mbele ya soko, na madereva wengine wamelala juu ya matanki, kofia ngumu usoni. Yule mama alikuwa amesahau sura ya mtu wake. "Wote wana koti moja," akasema. Basi akatoa simu, akapiga.

Kwanza kimya. Halafu, kutoka mfukoni mwa mtu aliyelala, baba yangu akaongea. Kwa Kinyambo, sauti ile ile iliyokuwa ikiniita kutoka mwisho wa kibanja cha migomba:

"Ni mimi! Niliyeitwa na radi nikajibu, subiri, bado namenya ndizi! Ni mimi, jembe lisiloazimwa! Niliyemkatalia chifu asubuhi, jioni nikala kwake!"

Miguu yangu ilijipanga yenyewe, visigino pamoja, mikono pembeni. Nilivua kofia. Watu wazima wa Nkwenda waliniona nimesimama wima mbele ya suruali ya mtu aliyelala.

Akaamka. "Shikamoo, mzee. Unataka kwenda wapi?"

"Marahaba. Usipokee hiyo simu. Huyo mfukoni mwako ni baba yangu."

Kijiwe chote kikalipuka.

"Baba yako amekaa pazuri, mzee!"

"Ndiyo maana pikipiki yako inakula mafuta, kumbe mmepanda wawili!"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniwekea sauti yote, dakika tatu, pamoja na katikati yangu iliyopotea: mto uliovukwa na ng'ombe mmoja, babu aliyelima mlima mpaka mlima ukaomba radhi. Yule mama akaihamishia kwenye simu yangu, akaihamishia na kwenye flashi, halafu na kwenye simu yake. "Hii sasa sifuti," akasema. Nilivuta pumzi mpaka tumboni, mara ya kwanza tangu mchana. Pale pale nilisikia njaa, nikala mishikaki sita nimesimama.

Nikamwambia kijana wa watu ataje anachotaka. Nilikuwa tayari kwa mbuzi. Nilikuwa tayari hata kwa ndama, na mimi katika biashara sijawahi kuanza na ndama.

"Mzee, baba wa mtu siwezi kumuuza," akasema. "Ila amepanda tangu Nyaishozi mpaka hapa. Nauli yake tu, elfu saba na mia tano."

Wenzake wakashangilia. "Na ni mtu mzima, usimpe ya mtoto!"

Bei ya nauli sikupunguza hata senti. Muulizeni yeyote Karagwe kama nimewahi kufanya hivyo.

Jumamosi nikasimama. Nilimaliza majigambo yote, mwanzo, katikati, mwisho, na sikutetereka popote. Na nilikuwa nimeelewana na mpiga muziki: nilipofunga mdomo tu, akaachia ile flashi safi, na yule mama wa Italia akaingia palepale alipokuwa akiingia siku zote. Mke wangu aliwapita maharusi akawahi uwanjani kabla yao.

Mkwe wangu, baba wa bibi harusi, ofisa mzima, akanisogelea akifuta jasho. Kumbe wao walikuwa wamekodi mtu wa kujigamba kwa niaba yao, kutoka mjini, kwa laki mbili.

"Mkwe, heshima yako," akasema. "Hebu niambie, na wewe ya kwako ilikugharimu kiasi gani?"

"Elfu saba na mia tano," nikamwambia.