Namba 212 katika andazi la Idi

Nisiseme uongo: yule msichana nilimchukia. Aliletwa kwetu Buyenzi mwaka ule watu wa mtaa wa Kamenge walipokimbia mapigano, ana kanga moja na ndala zisizofanana. Mama yake alikuwa amekufa zamani. Baba yake, mbeba mizigo wa bandarini, alipigwa risasi akienda kazini. Bibi yangu akasema, "Huyu ni wetu sasa," basi, mambo yakaisha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa nafasi yangu kwenye kitanda cha bibi.

Hilo ningelivumilia. Lakini Idi!

Asubuhi ya Idi, wanaume wakiwa msikitini, bibi alikaanga maandazi, na ndani ya moja alificha sarafu ya shaba yenye tundu, ya mama yake, iliyotoka Ujiji. Mtoto aliyeiuma aliivaa shingoni siku nzima na kukaa mkono wa kuume wa bibi, na kila mgeni alianza kumpa yeye heri ya Idi. Jua likizama, sarafu ilirudi sandukuni. Kabla ya yule kuja, niliipata mara mbili, nikaringa mpaka mama akanifinya.

Idi yake ya kwanza, akaipata yeye. Ya pili, yeye tena. Na hakuivaa! Aliifumba mkononi kutwa, ukisogea anageuka. Nikamwambia, "We, unaogopa nitaila?" Kwa wivu nilisukuma kando sahani yangu ya pilau.

Idi ya tatu nilijibanza nyuma ya mlango wa jiko. Nikamwona bibi anachoma andazi moja kwa uma, vidoti vitatu, na kuliweka upande wa sinia anapokaa yule. Ala! Kumbe tulikuwa tunadanganywa! Bibi alipoingia ndani kubadilisha kanga, nikalizungusha sinia, lile andazi likaja upande wangu.

Nikauma. Meno yakagonga chuma. "Ni yangu!" nikapiga kelele, nikaruka. Yule msichana aliweka andazi lake chini, akaacha kula.

Lakini haikuwa ile ya Ujiji. Ilikuwa pana, juu ina kijitundu cha uzi, na imegongwa namba: 212. Nikafikiri bibi kamnunulia kipenzi chake kitu cha thamani. Sikungoja wageni. Nilikimbia mpaka kwa sonara, mzee wa mtaa wa pili asiyeweza tena kutembea mpaka msikitini.

"Ni dahabu?" nikamuuliza.

Akaisugua kwa kidole gumba. "Apana, mwanangu. Si dahabu, si faranga. Hii ni numero ya bandarini. Kila mubeba mizigo alivaa yake, bila hiyo haupiti getini. Ukiacha kazi, unairudisha." Akaigeuza. "Mwenye hii hakuirudisha."

Nilirudi polepole, nimeikamata kwa ncha za vidole.

Bibi alikuwa barazani. "Waliomuosha baba yake ndio walionipa," alisema kabla sijafungua mdomo. "Mtoto mwenyewe aliniomba nisimpe siku nyingine. Siku ya Idi tu, ndani ya andazi, kama watoto wote. Apate kitu toka kwa babake." Kisha akasema, "Ile ya Ujiji iko sandukuni. Ungeniomba, ningekupa."

Nikaenda kwa yule msichana, nikamwekea namba mkononi. Aliifuta mafuta kwa kanga yake, taratibu, mpaka ndani ya tarakimu. Hakulia, hakunitukana. Alihamia mkono wa kuume wa bibi, na bibi akamfunika na ushungi wake.

Ungedhani nilijuta. Nilijuta, ndiyo, na aibu ilinichoma. Lakini nilisimama pale nikiutazama ule ushungi. Mlangoni baba yangu alikuwa ametoka msikitini, anavua viatu, ananiita nimpe mkono wa Idi. Sikumsikia mara ya kwanza wala ya pili, kwa wivu.