Jina Alilokataa Kuazima

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo sijaisahau, na kila nikiikumbuka naona haya kidogo, kisha moyo unajaa.

Nilikuwa mwalimu mgeni kazini, sijatimiza hata miaka ishirini na mitano, nafundisha jiografia katika shule ya wasichana kule Ganjoni, Mombasa. Kwetu ni Mji wa Kale, nami nilikwenda na kurudi kwa miguu. Mwaka huo nilipewa kidato cha nne, na kazi yangu ya kwanza ikawa kukusanya vyeti vya kuzaliwa ili wasichana wasajiliwe mtihani wa taifa. Walileta wote isipokuwa mmoja.

Jina lake Tima. Babake alikuwa seremala katika mtaa wa Majengo. Yeye na mkewe walikuja kutoka Pemba wangali vijana, wakazaa watoto wao hapa Mombasa, lakini hawakuwahi kupewa kipande, yaani kitambulisho cha taifa. Tima alizaliwa chumbani kwao, mikononi mwa mkunga wa mtaa, na kuzaliwa kwake hakukuandikwa popote. Na huyo ndiye msichana aliyechora ramani safi kunishinda mimi mwalimu wake! Ukimpa mlima kwenye karatasi, atakuonyesha maji ya mvua yatapita wapi.

Nilimhurumia sana, na katika kumhurumia nikafanya kosa huku nikijiona mwema. Nilikuwa na mdogo wangu, Rukia, aliyefariki angali mtoto. Angekuwa hai, angelingana na Tima kwa umri. Cheti chake kilikuwa sandukuni mwa mama. Nikakitoa bila kumwambia, nikakitia katika bahasha, nikampa Tima baada ya somo.

"Jisajili kwa jina hili," nikamwambia. "Hakuna atakayeuliza. Ukishafaulu, mengine tutayaona mbele."

Akaisoma ile karatasi, akaikunja vile ilivyokuwa, akaondoka nayo. Asubuhi ya pili nikamkuta ananisubiri nje ya chumba cha walimu.

"Sabalkheri, mwalimu. Nimekurudishia."

"Kwa nini, Tima? Usajili unafungwa hivi karibuni!"

"Najua. Lakini nikipita kwa jina hili, atakayekuwa amepita ni Rukia. Mimi Tima nitakuwa sijasoma hata siku moja." Akanipa bahasha. "Na mamangu je? Humu ameandikwa mama mwengine. Nitakuwa nimemkana kwa mkono wangu."

Niliporudi nyumbani nikamkuta mama ameketi mbele ya sanduku lililo wazi, nikamrudishia cheti na kumweleza yote. Hakunipigia kelele, na heri angalipiga.

"Hicho ndicho kitu pekee nilichobaki nacho chenye jina la mwanangu," akasema, "nawe umekitoa hujaniuliza. Na huyo mwana wa watu umemfunza kujificha. Kama wampenda, fuatana naye hadi ofisini. Miguu unayo."

Basi nikafuatana naye. Kwanza tulimtafuta yule mkunga, bibi aliyekuwa haoni vizuri tena. Alimpapasa Tima usoni, akacheka. "Wewe ulitanguliza miguu! Nitakusahauje?" Akatia dole gumba kwenye barua ya ushahidi. Tukaenda kwa mzee wa mtaa, tukaenda kwa chifu, kisha ofisi ya usajili. Huko karani akataka vipande vya wazazi, na wazazi hawana. Tukarudi tena, tukajibiwa yale yale. Usajili wa mtihani ukafungwa, Tima yuko nje.

Hapo ndipo nilipomjua vizuri msichana yule. Siku ya karatasi ya kwanza ya mtihani alikuja shuleni na sare iliyopigwa pasi, akasimama langoni, akawapa mkono wenzake mmoja mmoja na kuwaombea dua. Machozi yalinitoka mimi. Yeye alingoja mpaka wa mwisho alipoingia, ndipo akaniambia, "Mwalimu, mwaka ujao niandike tena kidato hiki hiki."

Akarudia, akiketi na wasichana wadogo kwake, bila kununa. Nikichoka mimi, yeye ndiye aliyewaelezea ramani. Na kila Jumatano alasiri tulikuwa ofisini, hata karani akawa akituona mlangoni anaanza kutafuta faili. Jumatano moja alilichukua faili hilo akaingia nalo kwa mkubwa wake. Alikaa huko kitambo. Alipotoka, alimtazama Tima, si mimi.

"Mtoto aliyezaliwa hapa huandikwa kuzaliwa kwake, wazazi wawe na kipande au wasiwe nacho," akasema. "Ulistahili kuandikwa tangu siku ya kwanza. Utuwie radhi."

Tima alifanya mtihani kwa jina lake, akapita vizuri. Usidhani mambo yaliishia hapo. Kipande kilichukua miaka mitatu mingine, na bila kipande chuo hakikumpokea. Miaka hiyo alipiga msasa viti vya babake, na jioni akawasomesha watoto wa jirani. Leo ni mpima ardhi. Mwezi uliopita nilimwona kule Makadara amesimamisha kifaa chake cha kupimia, wahandisi wawili watu wazima wametulia kimya, wanamngoja yeye aseme mpaka uko wapi. Nilisimama kando nikamtazama, nikasahau nilikokuwa nakwenda.

Mwanangu, kama huna karatasi, usione kuwa una upungufu. Upungufu ni wa wale walioacha kukuandika. Simwaibishi aliyeazima jina kwa dhiki, maana najua mlango ukifungwa mtu hufanya nini, lakini wewe omba haki yako kwa jina lako. Watafute mapema walioshuhudia kuzaliwa kwako, wangali hai. Ukiambiwa urudi kesho, rudi, na ukikosa mwaka mmoja usiache kitabu. Na wewe uliyezaliwa ukaandikwa siku hiyo hiyo, ukapata nafasi bila kuuliza, usijione umestahili zaidi ya mwenzako. Mshike mkono, ukasimame naye kwenye foleni mpaka asikilizwe.

Mola akujaalie elimu yenye manufaa, akulainishie nyoyo za wale walio nyuma ya meza, na siku utakapoitwa mbele ya watu kupokea ulichokitolea jasho, uitwe kwa jina alilokupa mamako, naye awepo akisikia. Amin.