Seli Zilizosikiliza Cherehani

Wenzake maabarani walimpa jina la Mama Seli, na lilimkaa. Mtoto wa kuzaa hakuwa naye. Alikuwa na seli za neva mia nne, tena si za nyama na damu, bali za hesabu tupu, zinazoishi ndani ya kompyuta. Kazi yake ilikuwa kutafuta jinsi ubongo unavyojifunza. Seli mbili zikiamka pamoja mara kwa mara, aliukaza uhusiano wao, zikipishana, aliulegeza. Basi, ni hayo tu, na humo ilizama miaka saba ya ujana wake, shangazi zake wakiuliza kama hesabu hiyo haina jibu.

Mwaka huu alitaka seli zijifunze zenyewe kutofautisha maneno mawili, "njoo" na "kaa". Sauti hakwenda kuitafuta mbali. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa na sauti isiyohitaji kipaza sauti, na watoto wote wa mtaa ule ni mashahidi. Mama akasema "kaa" mara mia asubuhi akiwa kazini, na "njoo" mara mia mchana, ameshakula na kunyoosha miguu. Binti akarekodi yote kwa simu. Seli zikajifunza upesi mno: katika maneno mia zilikosea mawili tu. Mama Seli akaiandika tisini na nane kwenye ripoti, akaringa wiki nzima.

Ripoti ile ingesomwa Ijumaa, siku ya kufa kupona, maana mkuu wa maabara angeamua kama utafiti uendelee mwaka mwingine au ufungwe. Jumatano, ili kujihakikishia, akamleta mama aseme mbele ya kompyuta. Mama akakohoa kidogo, akasema, "Kaa." Kompyuta ikaandika: njoo. Akarudia kwa ukali ule wa mtaani. Njoo. Mara kumi alisema, na mara kumi ikamkaidi.

Mama Seli akairukia kompyuta. Alipekua hesabu mstari kwa mstari, akalaumu kipaza sauti, akalaumu nyaya, nusura alaumu mvua. Alitaka kulia na hakuficha. Mama, ambaye katika maisha yake kila nguo iliyombana mteja ilianzia kwenye kipimo kilichokosewa, aliomba asikilizishwe zile sauti za mwanzo. Alisikiliza tatu, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mwanangu, hizi seli zako hazikujifunza sauti yangu. Zimejifunza cherehani."

Ilikuwa kweli. Nyuma ya kila "kaa" cherehani ilikuwa ikilia. Nyuma ya kila "njoo", kimya. Seli zilishika njia ya mkato kama mwanafunzi yeyote mvivu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi walirekodi upya, maneno yote mawili, mashine ikilia na ikiwa imenyamaza. Seli zikapata sabini na sita. Ile tisini na nane ilikuwa bado kwenye ripoti, nzuri, na hakuna ambaye angejua. Mama Seli aliitazama kwa uchungu, kisha akaifuta.

Ijumaa aliwaeleza wote maabarani kila kitu bila kupunguza. Mkuu wa maabara, mzee mkavu asiyejua kutabasamu kabla ya mchana, aliomba asikie rekodi ya kwanza. Akaisikiliza, akamtazama juu ya miwani.

"Huo mlio nimeusikia hata mimi, na masikio yangu haya ya uzee. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo. Nimelelewa ndani ya mlio huo, mzee. Siusikii tena."

Mkuu aliirudia rekodi mara tatu, hata viatu vikaanza kumbana Mama Seli. Kisha akatoa kalamu, akasema hilo ndilo swali lenyewe: ubongo hujifunzaje kutosikia? Akampa mwaka wa kulijibu.

Jioni ile binti alirudi kwao kwa furaha, akaketi karibu na cherehani, akamwomba mama ashone chochote. Aliusikia mlio wote, wazi kabisa, labda kwa mara ya kwanza maishani. Wakaanza kupiga soga, akamsimulia kuhusu yule mzee na miwani yake, wakacheka. Alipokumbuka kuusikiliza tena, alidhani mama amekwisha kushona. Akageuka kutazama. Mguu wa mama ulikuwa ungali unakanyaga.