Risasi Zilizopiga Chini

Mahindi ya kijiji chetu cha Milepa yalikuwa yameanza kukauka ndevu msimu ule nguruwe pori walipotuingilia. Mimi na Alphonce tulikuwa bado wanafunzi wa shule ya misheni, tumerudi nyumbani kwa likizo ya Pasaka, nasi tuliruhusiwa kufuatana na baba yake, Mzee Yonas, ambaye gobore lake lilijulikana vijiji vyote vya bondeni. Siku hiyo Alphonce ndiye aliyepewa kulenga. Alilenga bega la dume kubwa kutoka upande wa pili wa shamba, akafyatua, na moshi ulipotawanyika tuliona vumbi likitimka mbele ya miguu ya mnyama. Nguruwe akaenda zake bila haraka, kama mtu aliyetoka kusali.

Wenzetu walicheka. Mzee Yonas hakucheka, wala hakumkaripia mwanawe. Alilichukua gobore, akauchunguza mtutu, kisha akamimina baruti kidogo kiganjani na kuisugua kwa kidole, ndipo aliposema maneno ambayo Alphonce aliyabeba maisha yake yote.

"Mtu akikosa, iulizeni kwanza bunduki. Kisha iulizeni baruti. Mtu aulizwe mwisho."

Baruti ilikuwa imeingia unyevu. Tangu siku ile tukalishika jambo ambalo kila mwindaji wa kwetu hulijua: risasi ikianguka chini, imekosa nguvu, ongeza baruti. Alphonce aliongeza, na kabla mavuno hayajaanza tulimla yule dume.

Huyu ndiye mtu aliyekuja kuitwa mwoga mjini Sumbawanga, akiwa na mvi kichwa kizima. Hasira ya mzee haina mbio, lakini haifi upesi. Kwa hiyo naiandika.

Alphonce alipita mgambo, akamwoa Fransiska, akalima ulezi na mahindi hapa juu uwandani, na watoto walipokuwa wakubwa akaingia kazi katika kampuni moja ya ulinzi mjini. Walilinda maghala ya nafaka na kusindikiza malori ya wafanyabiashara hadi Kasesya, mpakani na Zambia. Wasindikizaji walikuwa na bastola moja ya kupokezana, ya zamani, yenye ngoma inayozunguka, na kila mwaka walipimwa shabaha kwayo. Alphonce alifaulu kila mwaka. Vijana walimwita Afande Katikati, kwa sababu matundu yake katika karatasi ya shabaha yalikaa pamoja katikati ya duara kama mbegu za boga.

Mwaka juzi zile risasi nzito walizozizoea, zenye vichwa vinene vya kijivu, ziliadimika. Kampuni ikaleta nyingine, nyepesi kidogo. Alphonce alipozijaribu, matundu yalikaa pamoja vilevile, lakini yalishuka upana wa kiganja. Akakumbuka Milepa. Akaenda kwa meneja, Bwana Calvin, akamweleza kwamba risasi hizi zimekosa nguvu, zitafutwe kali zaidi. Calvin naye ni mtoto wa Ufipa, babu yake aliwinda kwa gobore, na neno hilo lilimwingia bila ubishi. Zikaletwa nyingine, nyepesi zaidi na zenye kasi kubwa. Siku Alphonce alipopimwa, kabla ya zamu ya wenzake, zilipiga chini zaidi kuliko hata zile alizozilalamikia, nje kabisa ya duara.

Hapo ndipo Calvin angeweza kuiuliza bunduki. Angeweza kuiuliza baruti. Alianza na mtu. Asubuhi iliyofuata, kwenye gwaride, mbele ya walinzi wote, alisema kwamba risasi kali zimeletwa kwa ombi la mzee mwenyewe na bado anapiga ardhi, basi kilichobaki ni kukiri kwamba anafumba macho na kuusukuma mtutu chini kwa kuogopa mshindo. Akamvua kazi ya kusindikiza. Karatasi ya shabaha ikabandikwa katika chumba cha walinzi, na vijana walewale wa Afande Katikati wakaandika chini yake: Mzee wa Viatu, kwamba shabaha yake haipandi juu ya viatu vya mtu.

Mji wetu si mkubwa. Neno lilifika sokoni kabla Fransiska hajamaliza kuuza mboga zake. Maulida, mwenye duka la vitenge, alimwuliza kwa utani kama mumewe sasa anaogopa hata kufungua soda. Fransiska alirudi na nusu ya mboga, na Alphonce aliacha kukaa benchi letu la mbele kanisani. Mimi nilimwambia kwamba maneno ya watu ni upepo. Alinijibu kwamba upepo ndio unaoezua nyumba.

Baada ya miezi michache kampuni ilimwita mkufunzi kutoka Mbeya, binti mmoja aitwaye Lydia, aje kuwanoa vijana. Vijana walipiga kwa bastola ileile na risasi zilezile, na wote wakapiga chini. Lydia akapiga mwenyewe. Naye akapiga chini. Akafungua sanduku lake, akatoa risasi nzito za namna ya zamani, akapiga tena, zikaingia katikati. Ndipo alipoiona ile karatasi ukutani, akauliza habari zake, na jioni akaja nyumbani kwa Alphonce. Nilikuwepo.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kwa habari ya karatasi yako."

"Marahaba, mwanangu. Wewe nawe umekuja kuviona viatu?"

Lydia hakucheka. Aliomba kikombe, akakilaza kiganjani kama bastola, akatueleza. Baruti inapowaka, alisema, bastola huanza kurudi nyuma na kuinua pua yake wakati risasi ingali ndani ya mtutu. Risasi nzito huenda polepole. Inapotoka, pua imekwisha kupanda, nayo hupiga juu. Nyepesi yenye kasi hutoka mapema, pua ikiwa bado chini. Aliyeitengeneza bastola ile aliiwekea ncha ndefu ya kulengea juu ya pua, ili mtu akilenga mtutu uanzie chini kidogo, kwa sababu aliihesabia risasi nzito. Gobore hupiga mbali, na risasi iliyokosa nguvu huanguka njiani. Bastola hupiga karibu, risasi haina muda wa kuanguka.

Alphonce alikichukua kile kikombe, naye akakilaza kiganjani.

"Kwa hiyo nilipoomba kali zaidi..."

"Uliomba zipige chini zaidi, mzee. Mkono wako haukutikisika. Matundu yote yamekaa pamoja, mwoga huyatawanya."

"Baba yangu amezikwa bila kulijua hilo," alisema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu lile gwaride.

Lydia alikuwa amekwisha kumweleza Calvin hayo yote, naye aliyaelewa vizuri. Hili ndilo linaloniwasha mpaka leo. Kutojua si dhambi. Sisi sote tulilelewa na gobore, na Alphonce mwenyewe alikosea pamoja nasi. Lakini Calvin alijua, akanyamaza. Alimwita Alphonce ofisini, akafunga mlango, akampa pole na kumrudishia kazi yake ya kusindikiza. Alphonce alishukuru, akaomba jambo moja tu: maneno yale yafutwe mahali yaliposemwa, kwenye gwaride.

"Mzee wangu, kazi si nimekurudishia? Nikikiri mbele ya vijana, kesho nitawaongozaje?"

"Uliweza kunivua nguo mbele yao," alijibu Alphonce. "Unashindwaje kunivika hapohapo?"

Calvin alisema atalifikiria. Mpaka leo analifikiria. Nimekutana naye kanisani, akanipa mkono wa amani kwa furaha kabisa, nami niliupokea kwa sababu ni wajibu.

Jumatatu iliyofuata Alphonce alifika gwarideni akiwa amevaa nguo zake za nyumbani. Aliwasalimu walinzi, akaingia katika chumba chao, akaibandua karatasi ukutani taratibu isichanike, akaikunja, akaondoka nayo. Hakuna aliyemzuia. Juma hilo yeye na Fransiska waliteremka kuhamia Milepa, kwenye shamba la Mzee Yonas. Habari ya mwisho niliyoipata kutoka huko ni kwamba ameipigilia karatasi ile misumari ukutani, upande wa nje, kando ya njia ya kisimani, na kwamba kila anayesimama kuuliza habari zake, Alphonce humtolea kikombe na kumweleza.