Nauli ya Pangani

Habari za dada zilitufikia Mombasa kwa mdomo wa mfanyabiashara wa mbata aliyekuwa ametoka Pangani. Alisimama mlangoni, hakutaka hata kuketi, akamwambia mama, "Mwanao amejifungua mtoto wa kike, mtoto salama, lakini yeye mwenyewe homa haimwachii. Anakutaja." Mama hakuuliza zaidi. Aliingia ndani, akafungua kasha, akatoa buibui lake la kutokea na pesa alizokuwa akizifunga kwenye pindo la leso, akaniambia nijitayarishe.

Hatukuwa na mwanamume wa kutusindikiza. Baba alikuwa amekufa, na kaka zetu wawili walikuwa mabaharia, hatujui wako bandari gani. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimekwisha kuposwa. Mama alisema Mungu ndiye msindikizaji, tukaondoka.

Ilikuwa miaka ile ya hali ya hatari Kenya. Tulipofika Lunga Lunga, mpakani, askari walitushusha sote kutoka garini. Askari mmoja, kijana wa kulingana na kaka yangu mdogo, alikitwaa kikapu cha mama akakimwaga chini: halua, vijinguo vya mtoto, chupa ya mafuta ya nazi, ubani. Akamwuliza kabila lake, akamwuliza kama amebeba barua za watu, akamwuliza mara ya pili kana kwamba mara ya kwanza alikuwa amedanganya. Mama alijibu kila swali kwa sauti ile ile. Kisha akainama, akaokota kitu kimoja kimoja, akakipangusa mchanga, akakirudisha. Aliporudi kwenye kiti chake niliona kidevu kinamtetemeka. Sikuwahi kumwona hivyo. Kwetu, mama alikuwa mtu wa kuamkiwa na mtaa mzima.

Tanga tulifikia Chumbageni, kwa jamaa wa marehemu baba aliyefanya kazi bandarini. Asubuhi yake alitupeleka kwenye mabasi karibu na soko, akatuonyesha kwa kidole. "Basi la Pangani ni lile lenye mistari ya kijani. Nauli mtalipa humo humo." Akaaga, akakimbilia kazini. Hakutuambia tumlipe nani. Kwake yeye jambo hilo halikuwa la kuelezwa, kama vile mtu haelezwi mkono wa kulia ni upi.

Kwetu Mombasa tulikuwa na mabasi, na mama alizijua desturi zake. Unakaa, kondakta anakuja, unampa pesa, anakukatia tikiti, na tikiti hiyo unaishika mpaka ushuke kwa sababu mkaguzi anaweza kupanda wakati wowote. Mama alikuwa akiichomeka yake ndani ya bangili. Basi tulipoketi, mwanamume mmoja mwenye koti la kaki na filimbi shingoni akapanda mlango wa nyuma, akaanza kusema, "Nauli, nauli, Pangani nauli." Akaja kwetu. Mama akamwamkua, akampa pesa ya watu wawili, akabaki amenyoosha kiganja.

"Na tikiti?" mama akamwuliza.

Yule mtu akacheka kwa upole. "Mmetoka wapi, mama?"

"Mombasa."

"Aa, ndiyo maana. Huku kwetu hakuna mambo ya karatasi, mama. Huku tunaaminiana."

Akashuka. Mama akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu Lunga Lunga nikamwona anatabasamu. "Umesikia?" akaniambia. "Wana imani watu wa huku." Nami nilifurahi. Niliona Tanga mji wa watu wazuri, barabara zake safi, watu wanapita na baiskeli wakiamkiana, na sasa hata kwenye basi mtu anaaminiwa kwa uso wake tu.

Basi liliondoka, tukauacha mji, tukaingia kwenye mashamba ya minazi na mkonge. Hapo ndipo kijana mwembamba aliposogea kutoka mlango wa mbele, kitabu cha tikiti mkononi, akaanza kukata tikiti kiti kwa kiti. 

"Nauli, mama."

"Tumelipa," mama akasema.

"Mmemlipa nani?"

"Mwenzako. Mwenye koti la kaki na filimbi."

Yule kijana akafumba macho kidogo. "Mama, mimi sina mwenzangu. Basi hili kondakta ni mimi peke yangu."

Watu wakageuka. Mzee mmoja nyuma yetu akasema, "Masikini, wameliwa hao. Mgeni kuku mweupe." Mwingine, sikumwona uso, akasema kwa sauti ya kusikika, "Watu wa Mombasa nao hawaishiwi maneno. Sikiliza hata wanavyosema." Wachache wakacheka. Nilitamani buibui linimeze.

Kondakta hakucheka. Aliinama karibu na mama akasema taratibu, "Mama, nakuamini. Lakini tajiri ana msimamizi wake, anatungoja hapo mbele Tongoni. Akimkuta mtu hana tikiti, mimi nakatwa mshahara, na nimeshakatwa mwezi huu. Nifanyeje?"

Pesa tulikuwa nazo. Nilizijua ziliko, kwenye pindo la leso, za dawa ya dada na za kurudia. Nikamshika mama mkono. "Mama, tulipe. Dada anangoja."

"Hatulipi," mama akasema. "Mimi nishalipa. Nikilipa mara ya pili nimekubali kuwa nilikuwa mwongo mara ya kwanza."

"Hakuna aliyekuita mwongo, mama," kondakta akasema.

"Wamecheka."

Mbele yetu alikuwa ameketi bibi mmoja wa makamo, mnene, mwenye kikapu cha tambuu mapajani.  Akafungua ncha ya kanga yake akasema, "Wee kijana, kata tikiti mbili, nitawalipia mimi. Hawa ni wageni wetu, wameibiwa kwetu, aibu ni yetu."

Nilimwangalia mama nikimwomba kwa macho. Mama aliweka mkono kifuani kwa adabu. "Ahsante, dada yangu, Mungu akulipe. Lakini ukinilipia wewe, mimi nitakuwa mwizi aliyeonewa huruma. Sitaki."

"Mama!" nikasema. Sasa nilikuwa nalia. "Dada ni mgonjwa!"

"Dada yako nimemzaa mimi," akanijibu bila kunitazama. "Na hakuzaliwa na mwizi."

Leo najua kwamba mama hakuwa akisema na kondakta. Alikuwa akisema na yule askari wa mpakani. Maneno aliyoyameza kule yalikuwa yamekwama kooni, na huyu kijana wa watu ndiye aliyekutana nayo. Lakini siku ile sikulijua hilo. Nilimwona tu mtu mzima anayefanya ukaidi wa mtoto.

Kondakta akagonga bati, basi likasimama, tukateremka. Kondakta mwenyewe alitushushia kikapu, akakiweka mahali pasipo na tope, akasema, "Niwie radhi, mama." Basi likaanza kuondoka. Yule bibi wa tambuu akatoa kichwa dirishani akaniita mimi, si mama. "Mnakwenda kwa nani Pangani?"

Nikakimbia kando ya basi. Nikamtajia shemeji yangu, mchuuzi wa nazi, nyumba nyuma ya msikiti wa Ijumaa, mke wake ndiye mgonjwa, amejifungua. Sikujua kama amesikia yote. Vumbi likatufunika.

Tulitembea. Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, na mkonge hauna kivuli. Mama alitangulia, nami nyuma na kikapu, hatusemezani. Viatu vyake vilimchubua akavivua. Kwenye nyumba moja tuliomba maji, mwanamke akatupa na maji na muhogo wa kuchoma, akatuuliza tunakokwenda. Tulipomwambia Pangani kwa miguu, alishika kichwa.

Kupita Tongoni lori la mkonge likatukuta, limejaa vibarua waliokaa juu ya mizigo. Dereva alisimama bila sisi kumpungia mkono. Alimweka mama mbele pamoja naye, mimi nikapandishwa nyuma na vibarua wakanipisha. Tulipofika Pangani mama alifungua leso, akatoa pesa za nauli.

"Mama," dereva akamwambia, "hili si basi."

Mama akabaki na pesa kiganjani, akimtazama, kana kwamba hakuelewa lugha.

Hatukuhitaji kuulizia nyumba. Nyuma ya msikiti tuliona mikeka imetandikwa nje na wanaume wameketi kimya. Shemeji aliinuka alipotuona.  Mama alipita katikati ya mikeka ile akiwa miguu mitupu, akaingia ndani.

Dada alikuwa amekufa baada ya adhuhuri. Walikuwa wameshamwosha, wakachelewesha kumtoa kwa ajili yetu. Mama alifunuliwa uso wa dada. Hakupiga kelele. Alimpapasa nyusi kwa kidole gumba, moja kisha ya pili, kama alivyokuwa akitufanyia tukiwa watoto wadogo. Kisha wakamchukua, wakamzika kabla ya magharibi.

Miongoni mwa wanawake waliokuwa chumbani nilimwona yule bibi wa tambuu. Nilidhani ni macho yangu. Baada ya maziko alisogea, akaketi karibu na mama juu ya jamvi.

"Nilikuja moja kwa moja kutoka kwenye basi," akasema. "Nilimkuta ana akili zake. Nikamwambia, mama yako na mdogo wako wako njiani, wamepata taabu kidogo ya gari, lakini wako njiani, nimewaona kwa macho yangu."

"Akasemaje?" mama akauliza.

"Hakuniamini. Akaniuliza, amevaa nini? Nikamwambia buibui, na leso ya chini nyekundu yenye michoro ya korosho, na bangili moja ya fedha mkono wa kushoto. Akacheka. Akasema, kweli ni mama."

Mama alimfanya aeleze tena. Akamwuliza alichekaje, kwa sauti au kwa midomo tu. Bibi akamwonyesha. Kisha nilijua swali linalokuja, nikaomba lisije.

"Basi lilifika saa ngapi?"

Bibi alikunja jani la tambuu, akalikunjua. "Lilifika lilipofika, dada yangu," akasema. "Ajali ya Mungu haina saa."

Mama aliinamisha kichwa. Hakuuliza tena, si siku ile wala siku nyingine yoyote niliyokuwa naye.

Tulikaa Pangani mpaka arobaini ikapita. Mtoto alinyonyeshwa na jirani aliyekuwa na mtoto wa umri ule ule, na mama alimbeba muda mwingine wote, hata wakati wa kula. Usiku nilimsikia akimsimulia mtoto habari za dada, jinsi alivyokuwa mkorofi, jinsi alivyopenda kumaliza ukoko wa chungu. Hadithi ya basi hakumsimulia. Shemeji alimwomba mama amwache mtoto akue kwao, mama akakubali, na nadhani kukubali kule kulimuumiza kuliko mazishi.

Miaka mingi baadaye, mimi mwenyewe nikiwa na watoto, mpwa wangu alikuja Mombasa kututembelea. Alitaka kujua siku mama yake alipokufa sisi tulikuwa wapi. Mama alikuwa bado hai, ameketi kibarazani, anasikia. Kabla sijafungua kinywa, mama akatangulia.

"Tulikuwa njiani," akamwambia. "Mama yako aliambiwa, akajua."

Msichana yule akaridhika. Mama akaomba aletewe maji ya kunywa, na alipoyapokea niliona kidevu kinamtetemeka.