Nyumba ya Bibi Ndani ya Python

Mama yangu aliolewa na mwanamke. Kwetu Nyanungu hilo halimshangazi mtu. Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume, mumewe akafa, akatoa ng'ombe wake mwenyewe akamwoa mama, na sisi tuliozaliwa tukawa watoto wa nyumba yake. Wakurya ndoa ya namna hii tunaiita nyumba ntobhu. Mwanaume aliyetuzaa hakuna aliyemuulizia.

Naeleza haya kwa sababu ya kompyuta. Nilikuwa Nyamongo, mji wa mgodi wa dhahabu wenye walinzi kila upande, natengeneza simu, na wateja wakipungua najifunza Python, lugha ya kuandikia programu. Ni ya bure. Ukitaka kuona ilivyoundwa ndani, unafungua unatazama, hakuna mlinzi wa kukufukuza. Kwa mji ule, hilo lilitosha kunifanya niipende.

Baba mkubwa, msemaji wa ukoo, akaniagiza programu ya kuhifadhi ukoo mzima, maana vijana wametawanyika na hawajuani. Katika Python unaunda kwanza kiolezo, kama kalibu ya tofali, kisha kila kitu unakitoa humo. Nikaunda kiolezo cha nyumba: mume, mke, watoto. Nikaweka na sharti, kama nilivyoona kwenye masomo ya mtandaoni, kwamba mume lazima awe mwanaume. Nyumba zote zikaingia vizuri. Nikafika kwenye nyumba yetu, nikaandika jina la bibi mahali pa mume, na maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo. Programu imekataa. Sharti lile hakuliandika mgeni. Nililiandika mimi, mtoto wa nyumba ile.

Rafiki yangu, mchimbaji kutoka Geita, akacheka.

"Si uweke jina la marehemu mume wake? Kompyuta inajua nini?"

Bibi alikuwa mgonjwa sana. Akifa, na siku ya mazishi nyumba yake isisomwe mbele ya ukoo kwa jina lake, shemeji zake wangesema imekufa naye, na shamba wangelichukua. Nikapanda bodaboda hadi nyumbani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mura, kijana wangu. Umeshaniandika?"

Nikamweleza ushauri wa rafiki yangu.

"Ng'ombe nilitoa mimi. Yule aliyekuwa kaburini alitoa nini? Usiniwekee mtu nyumbani kwangu."

Mama, aliyekuwa akimkanda miguu, hakuinua kichwa.

Nikarudi nikafumua kazi yote. Badala ya mume nikaweka mwenye nyumba, awe mtu yeyote. Kuliandika neno kulikuwa rahisi, lakini programu nzima ilikuwa imeegemea lile sharti. Nikirekebisha hapa, panabomoka pale. Niliogopa. Kila simu ikiita nilidhani ni ya msiba.

Ilipokuja kweli, programu ilikuwa imekwisha kukubali, ila bibi hakuiona. Hilo linaniuma mpaka leo.

Siku ya mazishi baba mkubwa alisoma karatasi niliyoichapa, nyumba baada ya nyumba, shemeji zake bibi wakiwa wamekaa mbele. Alipofika kwetu akasoma jina la bibi, mwenye nyumba. Akasoma jina la mama, mke wake. Hakuna aliyepinga. Mama akainuka kutoka kwa wapishi, akajifunga kanga vizuri, akaenda kukaa kando ya jeneza, mahali pa mjane.