Minyororo Ndani ya Ndoo

Laiti siku ile ningemjibu Khalfan kwa neno moja tu, "Sikubali," harufu ya grisi isingenishtua moyo mpaka leo. Sasa mimi ni mzee. Nakaa Mabela, katika mtaa wa nyumba mpya nyeupe, na jirani yangu akiwa anahangaika na gari lake asubuhi, harufu ile huruka ukuta ikanifikia barazani. Hapo huweka chini kikombe cha kahawa, na mara najiona nimerudi katika vumbi la njia ya Batina, mwaka 1969, mtoto wa miaka kumi na mmoja nimebandika paji la uso kwenye kidirisha cha nyuma cha lori la baba. Khalfan, binamu yangu na msaidizi wa baba, aliniomba niseme uongo mdogo. Nami nikausema.

Tulitoka Unguja mwaka 1964 na masanduku mawili na sinia moja kubwa la shaba ambalo mama alikataa kuliacha. Matrah, mji wa bandari katika nchi ya Kiarabu ya babu zetu, tulifikia kwa jamaa, chumba kimoja watu tisa, na watoto wa mtaa wakinicheka kwa Kiarabu changu kilichokuwa kikichechemea. Baba alikuwa fundi wa pampu za maji, na kazi yake ilikuwa huko Batina, kwenye mashamba ya mitende. Akapata lori bovu, akalifufua, akajenga juu yake chumba cha mbao chenye vitanda vya kukunja, rafu ya sufuria na kidirisha kimoja nyuma. Tukahamia humo. Wenyeji wakituona kwa mbali walisema inakuja nyumba inayotembea, na watoto walitukimbilia kama harusi. Jioni tulipoegesha, mama alitandika mkeka kando ya gurudumu, akaweka sinia la wali na papa, sote watano, Khalfan na mdogo wangu Zuwena wakiwemo, tukala pamoja, na kila mara vidole vyake vilinisogezea mnofu. Baada ya kula alishona kofia. Mkono wake ulikuwa mwepesi kiasi kwamba sindano huioni, unaona uzi tu.

Lori halikuweza kupenya vichochoro vya mashamba, kwa hiyo nyuma yake tulikokota Landrova kuukuu ya kuingilia humo. Mhunzi wa Matrah alitutengenezea chuma cha kukokotea: miguu yake miwili ilishika mbele ya Landrova, na ncha yake iliingia nyuma ya lori ikafungwa kwa pini nene iliyopakwa grisi. Pini ilizuiwa isipande na kibanio cha waya. Chini yake ilipita minyororo miwili, imepishana, ili chuma kikichomoka kidakwe kabla hakijagusa ardhi. Baba alisema pini ni ya kila siku, minyororo ni ya siku mbaya. Kukagua ilikuwa kazi yangu. Kabla ya kuondoka aliita kutoka kwenye usukani, "Pini?" Nami nikajibu, "Ipo!" "Kibanio?" "Kipo!" "Nyororo?" "Zimefungwa!" Hapo tu ndipo alipotia gia. Sijapata cheo katika maisha yangu kilichonipa fahari kama ile.

Ilikuwa majira ya kuvuna tende, joto limetanda hata nzi wamechoka. Tulikuwa Barka tukijiandaa kurudi wakati mzee mmoja mwenye shamba alipoletwa na wanawe wawili, anatetemeka kwa homa, wakaomba tumfikishe hospitali Matrah. Mzee akawekwa mbele pembeni mwa baba, kwani chumba cha mbao kilikuwa tanuri. Vijana wakapanda nyuma na Khalfan na mimi. Sasa mama na mdogo wangu Zuwena wakae wapi?

"Gari la kukokotwa halikaliwi na mtu," baba alisema.

"Basi nikae wapi, bwana? Mapajani mwa wanaume wa watu?" mama alimjibu, huku anajifunika vizuri buibui lake. "Nyororo si zipo? Au ulimlipa mhunzi kwa mapambo?"

Vijana wakatazama chini kuficha kicheko. Baba akazunguka nyuma, akaivuta minyororo kwa mkono wake, akakubali.

Karibu na Sib tulisimama kwa sala ya alasiri. Lori lilikuwa limechemka, lataka maji, na kamba ya kisima ilikuwa imekatika. Baba alikuwa ameshafunga sala na wale vijana, mama na Zuwena nyuma yao. Khalfan, ambaye ndiye aliyesahau kujaza madebe asubuhi, aliniita kwa kidole. "Fungua hizo nyororo, tuunge kamba. Haraka." Nilisita. "Wacha woga wewe, hata kuku ana moyo kukushinda. Tutazirudisha sasa hivi." Tukazifungua, tukateka maji, tukajaza rejeta. Minyororo ilitoka kisimani imejaa tope zito, nasi tunaisikia salamu ya mwisho ya sala. Khalfan akaitia katika ndoo, akaisukuma chini ya kitanda.

"Tuifunge," nilisema.

"Ammi akiona ataniuliza kwa nini zimefunguliwa. Alishaniambia nikikosea tena ananifukuza. Nna pa kwenda mie? Sema zimefungwa, basi. Pini haijatoka hata siku moja." Kisha akaniwekea mkono begani. Alikuwa ndiye kaka niliyekuwa naye.

Mama alikuwa wa kwanza kuuliza. Alikuwa anampandisha Zuwena kwenye Landrova, akageuka. "Umezitazama nyororo, mwanangu?" Nikasema, "Nimezitazama, mama." Akafunga mlango. Baba akaita kama kawaida, nami nikajibu kama kawaida, mpaka mwisho, kwa sauti ileile ya fahari. Nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyokuwa sawa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na njia nzima nilijua maana yake. Baba alikuwa anakimbilia kufika kabla lango la mji halijafungwa. Njia ilikuwa mawe matupu, imejaa mikunjo kama bati. Mimi nilikuwa kidirishani, na nyuma yetu mama, vumbi limemfunika nusu, akinipungia mkono kila nilipomtazama. Alidhani namchezea. Sikuwa nikimtazama yeye. Nilikuwa naitazama pini. Mmoja wa wale vijana akanipa tende, akasema, "Huyu ndiye nahodha wetu." Nikaitia mfukoni. Khalfan aliangalia ukutani. Ningepiga ubao mara mbili tu baba angesimama. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yetu. Kila tulipovuka korongo nilisema, likipita hili nitapiga. Likapita, nikasema pini ipo, la kuhofia nini.

Tulipita Ruwi jua linazama, tukaanza kupanda kilima. Gurudumu la lori likagonga jiwe, na nikaona kibanio kinaruka, kitu kidogo kinachong'aa, kikapotea katika vumbi. Pini ikapanda kidogo. Bado ningeweza kupiga. Nikafikiria baba anashuka, anainama, anakuta hakuna minyororo. Nikafikiria Khalfan na kifurushi chake cha nguo barabarani. Pini ikapanda tena. Ndipo nikapiga, nikapiga kwa ngumi zote mbili huku napiga kelele, na lori likinguruma kwa gia ya kwanza kiasi kwamba baba hakusikia kitu. Chuma kikaanguka. Landrova ikasimama kidogo, kama mtu anayefikiri, kisha ikaanza kurudi nyuma.

Mama hakujua kuendesha. Alimkumbatia Zuwena kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akashika fremu ya dirisha. Gari likagonga mwamba, likalala ubavu. Zuwena hakupata hata mchubuko. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa chini ya gari.

Tulipokwisha kulinyanyua na kumtoa, baba akauliza nani kafungua minyororo. Khalfan akasema, huku analia, "Mimi, ammi." Baba hakumtazama. Alinitazama mimi. "Nilikuuliza wewe," alisema. Hakunipiga. Khalfan hakufukuzwa. Ila baba hakuita tena "Pini?" Alishuka mwenyewe kila safari, akapiga magoti, akakagua, huku mimi nimesimama pale bila kazi. Hospitali ilimpokea yule mzee kwa homa yake na mama kwa mkono wake. Mzee alipona. Waliokuja kutupa pole walisema ajali haina kinga. Ile ilikuwa na kinga mbili, na zote zilikuwa ndani ya ndoo.

Leo njia ile ni lami laini kama meza. Lango la mji halifungwi, na Ruwi hadi Barka ni mwendo wa kusikiliza habari redioni. Mjukuu wangu anayekaa Ansab amenunua nyumba yake ya magurudumu, ina jokofu na kiyoyozi, na majira ya baridi huenda jangwani na wanawe huku nyuma amekokota gari dogo. Akija kuniaga, mimi huinama na fimbo yangu kukagua pini na minyororo. "Babu, khalas, wallahi nishaangalia," hunicheka. Namwambia, "Angalia tena, nami nione." Watoto wake huona ni wazimu wa uzee. Sijawahi kuwaeleza.

Mkono wa mama ulipona vibaya, vidole vimejikunja, haukushika sindano tena wala tonge. Ikambidi ajifunze kula kwa mkono wa kushoto, na mama, aliyelelewa kwa adabu za Unguja, aliona haya kutia mkono huo katika sinia la watu. Akaanza kula peke yake, nyuma ya pazia. Nilimsihi nikiwa mtoto, nikamsihi nikiwa mtu mzima mwenye nyumba na wake. Alinijibu, "Kula, mwanangu, mimi nishashiba." Hivyo ndivyo nilivyolipia neno langu. Tangu jioni ile hadi siku tuliyomzika, sikula tena na mama yangu sinia moja.